Mali bila daftari: fomu za zamani za michango ya uzeeni

Wazee wetu walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Walikuwa wakimwambia mfanyabiashara, lakini leo maneno hayo tunayaelekeza kwa muajiri na muajiriwa. Tunataka kuzungumzia fomu za michango ya mfuko wa hifadhi ya jamii na za kodi ya mshahara ambazo hazikupelekwa kwa wakati wake. Ziko ambazo zimelala kabatini mwaka, miaka mitatu, hata kumi. Mwenye kabati anazijua, na kila akizitazama moyo humwenda mbio, basi hufunga mlango wa kabati na kujiambia kuwa jambo limeshapita.

Tunapenda kumwambia ndugu huyo kwamba jambo hilo halijapita. Fomu iliyochelewa ni deni, na anayedaiwa ni muajiri, lakini atakayeumia nalo ni mtu mwengine kabisa: ni yule aliyefanya kazi, siku atakapokuwa mzee na nguvu zimemwisha.

Hebu kwanza tutazame tulikotoka. Hapa Zanzibar, kabla ya mwaka 1998, mtumishi wa Serikali hakuwa akichangia pencheni yake. Akistaafu, alilipwa na Hazina kwa kuangalia jalada lake la utumishi: aliajiriwa lini, alipanda cheo lini, aliacha kazi lini. Kisha ikaja Sheria Namba 2 ya mwaka 1998, iliyoanzisha Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ambao sote tunauita ZSSF. Sheria hiyo ilirekebishwa mwaka 2002 na ikaandikwa upya mwaka 2005. Tangu hapo mambo yakabadilika. Muajiriwa akawa anakatwa sehemu ya mshahara wake, na muajiri naye anatoa sehemu yake. Tena si serikalini tu. Mwenye duka, mwenye skuli ya binafsi, mwenye hoteli na mwenye zahanati, wote wakaingia katika wajibu huo.

Kwa upande wa Tanzania Bara, historia ni ndefu zaidi. Mfuko wa akiba wa wafanyakazi, NPF, ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1964, na mzee alipostaafu alipewa fedha zake kwa mkupuo mmoja. Mwaka 1997 ikapitishwa sheria ya kuugeuza kuwa NSSF, mfuko unaolipa pencheni ya kila mwezi. Mwaka 2018 mifuko minne ya watumishi wa umma, yaani PSPF, LAPF, GEPF na PPF, iliunganishwa kuwa mfuko mmoja wa PSSSF, ulioanza kazi tarehe 1 Agosti mwaka huo. Tunayataja haya kwa sababu Mpemba ni mtu wa safari. Utamkuta aliyefanya kazi Tanga miaka sita, Dar es Salaam miaka minane, kisha akarudi kwao Wete. Yuko pia aliyefanya kazi Mombasa, ambako mfuko wa NSSF wa Kenya upo tangu mwaka 1965. Mtu kama huyo ana nambari mbili au tatu za uanachama, na kila moja ni ufunguo wa sanduku lake. Akipoteza nambari, sanduku halivunjiki, lakini atahangaika sana kulifungua.

Sasa fomu hii kazi yake nini? Watu wengi hudhani kwamba jambo kubwa ni fedha, na fomu ni urasimu tu wa makarani. Sivyo. Muajiri anapopeleka michango ya mwezi, hupeleka vitu viwili. Kimoja ni fedha. Cha pili ni orodha inayoeleza fedha hizo ni za nani: jina la muajiriwa, nambari yake ya uanachama, mshahara wake wa mwezi huo, kiasi alichokatwa yeye, na kiasi alichotoa muajiri. Fedha zikifika bila ya orodha, mfuko utazipokea, lakini hautajua uziandike kwa nani. Zitakaa katika fungu la fedha zisizotambulika, nazo ni jasho la mtu. Na orodha ikifika bila ya fedha, hiyo ni ahadi tu.

Tuchukue mfano mdogo. Katika viwango vya awali vya ZSSF, muajiriwa alikatwa asilimia 5 ya mshahara na muajiri akatoa asilimia 10. Viwango hivyo vilipandishwa baadaye, lakini mtu anayesafisha madeni ya zamani hana budi kuhesabu kwa viwango vya mwezi unaohusika. Basi tuseme mwaka 2006 muuzaji wa duka pale Chake Chake alikuwa akilipwa shilingi 100,000 kwa mwezi. Yeye alikatwa 5,000, na mwenye duka alitakiwa kutoa 10,000. Jumla ni 15,000 kwa mwezi. Ikiwa miezi minane haikupelekwa, hizo ni shilingi 120,000. Leo mtu anaweza kuziona ni fedha ndogo. Lakini kumbukeni kuwa 40,000 kati ya hizo zilikwisha kutolewa mfukoni mwa muuzaji mwenyewe. Aliiona hati yake ya mshahara, akaona amekatwa, akatulia kwa imani kwamba anajiwekea akiba. Kumbe fedha zilinunulia bidhaa za duka.

Lakini hasara kubwa haimo katika hizo shilingi. Imo katika hesabu ya miezi. Tuchukue sheria za NSSF na PSSSF za Bara, ambazo zinataka mwanachama awe amechangia miezi isiyopungua 180, yaani miaka 15, ndipo astahiki pencheni ya uzeeni ya kila mwezi. Aliyefika 180 analipwa mpaka mwisho wa uhai wake. Aliyefika 176 anapewa fedha zake mara moja, akaondoka. Miezi minne! Orodha nne za karatasi, ambazo labda karani alizisahau katika mtoto wa meza, ndizo zinazotenganisha mzee mwenye kipato cha kila mwezi na mzee anayengojea kutumiwa chochote na watoto. ZSSF ina masharti yake, wala hatusemi kwamba ni yale yale ya Bara. Ila msingi ni mmoja kila pahala: mwezi usioandikwa ni kama mwezi usiofanyiwa kazi.

Ndugu wasikilizaji, kwa nini fomu hizi huchelewa? Sababu ya kwanza ni udogo wa biashara zetu. Mwenye duka wa Konde au Mkoani hana mhasibu. Yeye ndiye mnunuzi, ndiye mpokea fedha, ndiye karani. Msimu wa karafuu ukifika, watu wako mashambani, fedha zinazunguka, na kazi ya kujaza fomu husogezwa hadi mwezi ujao. Mwezi ujao nao una mambo yake. Akija kushtuka, mwaka umekwisha.

Sababu ya pili ni majina. Kisiwa chetu kina akina Khamis, Hamad, Kombo, Juma na Salim wasio na idadi. Afisi moja huandika Khamis, nyengine Hamisi. Mmoja huandikwa Salim, mwezi wa pili akaandikwa Salum. Mwengine ameandikishwa kwa jina la baba tu, ilhali kitambulisho chake cha Mzanzibari Mkaazi kina jina la babu. Orodha ikifika kwenye mfuko na jina lisilolingana na nambari, michango inaweza kuingia kwa mtu mwengine kabisa, au ikakosa pa kuingia. Hapa muajiri hakudhulumu na muajiriwa hakukosa, lakini haki imepotea kwa herufi mbili.

Sababu ya tatu, ambayo ndiyo kubwa, ni khofu. Muajiri anajua kwamba sheria inaweka adhabu kwa kuchelewa. Anajiuliza: nikijitokeza leo na fomu za miaka mitano, si nitakuwa nimejishitaki mwenyewe? Bora ninyamaze. Fikra hii ndiyo inayoharibu. Adhabu ya kuchelewa haisimami kwa kunyamaziwa. Huongezeka kila muda unavyopita. Anayejitokeza mwenyewe na hesabu zake mkononi huzungumza na maofisa akiwa na uso. Anaweza kuomba alipe kwa mafungu. Anayekutwa na wakaguzi hana la kusema. Na wahenga walishatuambia: dawa ya deni kulipa, na kawia ufike.

Tuingie sasa upande wa kodi, maana mambo haya mawili ni pacha. Kodi ya mapato ni jambo la Muungano, na hapa kwetu, kama ilivyo Bara, inakusanywa na Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA. Tusiichanganye na Mamlaka ya Mapato Zanzibar, ZRA, iliyochukua nafasi ya Bodi ya Mapato kwa sheria ya mwaka 2022, ambayo ina kodi zake nyengine. Muajiri anapokata kodi ya mshahara, hatakiwi kuikata juu ya mshahara wote. Kwanza huondoa mchango wa muajiriwa katika mfuko unaotambuliwa na sheria, kisha kodi ikahesabiwa juu ya kilichobaki. Kwa mfano wetu wa mshahara wa 100,000, mchango wa 5,000 ulitoka kwanza, na hesabu ya kodi ikaangalia 95,000. Huo ni unafuu ambao sheria imempa mtu anayejiwekea akiba ya uzeeni.

Kwa hivyo daftari la TRA na daftari la mfuko lazima yasome mamoja. Muajiri aliyeiambia TRA kuwa amemkatia mtu mchango, naye hakuupeleka kwenye mfuko, ametoa maelezo mawili yanayopingana kuhusu fedha zile zile. Na muajiri aliyepeleka michango lakini hakupeleka taarifa za kodi, naye ana pengo upande wa pili. Anayesafisha madeni ya zamani asisafishe upande mmoja akauacha mwengine. Akae na miezi yake, mmoja baada ya mmoja, na kila mwezi aulize maswali mawili: mfuko umepata? TRA imepata?

Wako wanaongojea msamaha. Ni kweli kwamba mwaka 2018 ulitolewa msamaha wa riba na adhabu za kodi, na TRA ikawapokea waliojitokeza ili walipe kodi ya asili peke yake. Jirani zetu wa Kenya nao walitoa msamaha wa namna hiyo, na muda wake wa mwisho ulikuwa tarehe 30 Juni 2025. Lakini msamaha ni kama mvua ya vuli: huenda ikanyesha, huenda isinyeshe. Tena msamaha ule ulihusu kodi. Michango ya muajiriwa si mali ya Serikali hata Serikali iweze kuisamehe. Ni mali ya mtu.

Je, muajiri afanye nini? Kwanza, atoe karatasi zote kabatini na azipange kwa miezi. Pili, aandike orodha ya kila aliyemfanyia kazi katika miezi hiyo, hata walioacha na hata waliofariki, maana haki haifi na mtu. Tatu, afike mwenyewe katika afisi ya mfuko pale Chake Chake na aombe kulinganisha orodha yake na daftari lao kabla ya kulipa chochote, ili asije akalipa mara mbili mwezi uliokwisha kulipwa. Nne, ajaze fomu ya kila mwezi peke yake, kwa mshahara na viwango vya mwezi ule, wala asikusanye miaka mitatu katika karatasi moja. Tano, apeleke malipo pamoja na orodha, na adai stakabadhi inayotaja miezi. Sita, aende TRA kwa utaratibu huo huo. Na lile la adhabu ya kuchelewa ni lake yeye. Asilirejeshe kwa mlango wa nyuma katika mshahara wa mfanyakazi.

Na muajiriwa je? Yeye asikae kungoja siku ya kustaafu. Walau mara moja kwa mwaka aombe taarifa ya michango yake na aisome mwezi kwa mwezi. Akiona pengo, alinganishe na hati zake za mshahara. Akiwa hati hana, barua ya ajira, mkataba, au daftari la benki linaloonesha mshahara ukiingia ni ushahidi wa kuanzia. Wenzake wa kazini wa wakati ule nao ni mashahidi, lakini mashahidi huhama na hufa. Karatasi, ikiwekwa pakavu, hudumu. Tujue pia kwamba Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mwenye biashara aweke kumbukumbu zake kwa muda usiopungua miaka mitano. Mitano! Na wewe utafanya kazi miaka thelathini au zaidi. Maana yake ni kuwa siku utakayozihitaji karatasi zako za ujanani, muajiri anaweza kukujibu kwamba hanazo, na asiwe amevunja sheria hiyo. Mlinzi wa mwisho wa kumbukumbu zako ni wewe mwenyewe, na mfuko wa nailoni ndani ya sanduku la nguo.

Jambo hili halituhusu sisi tu wa visiwani. Jamaa zetu walioko Marekani wanajua kwamba huko mtu anaweza kujifungulia mwenyewe akaunti ya uzeeni. Akiweka fedha ambazo zimeshatozwa kodi, anatakiwa kuijulisha mamlaka ya kodi kwa karatasi inayoitwa Fomu 8606. Wengi hawaijui, wanaweka fedha miaka na miaka bila ya fomu. Siku ya kuzitoa, mamlaka haina habari kwamba fedha zile zilishatozwa kodi, basi mzee hujikuta akitozwa tena juu ya fedha zile zile. Dawa yake ni kurudi nyuma na kujaza fomu ya kila mwaka uliokosekana, hata kama umeshapita zamani. Faini ya kutoijaza ni dola 50 kwa kila fomu, nayo inaweza kuondolewa mtu akieleza sababu ya maana. Nchi ni nyengine na sheria ni nyengine, lakini somo halikubadilika: fomu iliyochelewa huponya, fomu isiyopelekwa huumiza mara mbili.

Sasa tumfikirie mtu ambaye husahauliwa katika mazungumzo kama haya. Naye ni mjane. Mume amefariki akiwa bado yumo kazini. Mke yumo katika eda ya miezi minne na siku kumi, hawezi kupanda gari kutoka Micheweni kila asubuhi kufuata karatasi Chake Chake. Watoto ni wadogo. Warithi wanatakiwa wathibitishwe, majina yalingane, na michango ionekane. Ikiwa muajiri alikwisha kupeleka orodha zake, kazi ya familia ni kuthibitisha kifo na warithi. Ikiwa hakupeleka, familia inaanza kumtafuta muajiri, na muajiri anaanza kutafuta karatasi, na karani aliyezijua ameshahamia Unguja. Deni la fomu, ambalo mwenyewe aliliona dogo, sasa linalipwa na mayatima.

Kabla ya kumaliza, tuwakumbuke wasio na muajiri: mvuvi, mkulima wa mwani, mchumaji wa karafuu anayelipwa kwa pishi. Hao hawana wa kuwajazia fomu, lakini mlango uko wazi, kwani ZSSF ina mpango wa hiari ambao mtu huchangia kwa kadiri ya uwezo wake. Na tangu mwaka 2016 Serikali ya Mapinduzi inatoa pencheni jamii kwa wazee waliofika miaka 70, ambayo ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Hiyo ni rehema kubwa na haidai mchango. Lakini asije mtu aliyefanya kazi miaka thelathini akaambiwa aridhike na hiyo pekee kwa sababu karatasi zake zililala kabatini. Ile ni ya kila mzee. Hii nyengine aliifanyia kazi.

Basi ndugu muajiri, wiki hii fungua kabati. Na wewe ndugu muajiriwa, wiki hii omba taarifa yako ya michango. Mkikuta pengo, msigombane kwanza; kaeni pamoja na muhesabu miezi. Wakati mashahidi wangali hai, na wino haujafutika, kazi hiyo ni ya siku chache. Ikingojewa mpaka siku ya kustaafu, itakuwa kazi ya miaka, na anayeifanya atakuwa mzee anayeegemea mkongojo kwenye ngazi za afisi.